Masikio ya Gichovi

Siku hiyo nilizima msumeno, ukaendelea kulia.

Nikauweka chini kwenye nyasi. Ukalia. Nikachomoa plagi ya injini yake. Ukalia. Nikasimama pale nikikodolea macho chuma kilicholala kimya, huku kikinipigia kelele kichwani.

"Gichovi! Hii kitu imerogwa?"

Gichovi alinitazama mdomo, kisha akautazama msumeno.

"Imezimika kitambo, Mukiri. Kwani unaona nini?"

"Sioni, nasikia!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kabla hujaniita mwongo, unijue kwanza. Mimi ni Mukiri wa Nkubu. Nakata miti kwa msumeno wa injini, huku tunauita pawa. Na mimi ni mshairi. Usikunje uso. Hakuna mtu aliyenifunza vina na mizani. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu kwa vidole juu ya tanki la mafuta. Walimu wengi wa Kiswahili huku hawaniwezi, na hilo nalisema mchana kweupe.

Mimi siandiki kwanza. Naghani, sikio likubali au likatae. Ukiniambia masikio yangu yanakufa, umeniambia mimi nakufa.

Gichovi alikuwa mvuta kamba wangu. Mtu wa Gachoka, mkubwa wangu kwa umri, mgongo kama ukuta.

Kazi yetu iko hivi. Kamba inafungwa juu ya mti. Mimi niko shinani na pawa. Yeye yuko mbele, upande ambao mti utaangukia, anavuta ili usiende kwa paa la mtu. Mti hulia kabla ya kwenda. Kraa! Ukisikia hivyo, kila mtu miguu yake.

Kabla ya kuwasha mashine nilikuwa naughania mti. Kama huu wa mukima:

*Mukima ulokomaa, leo nimekufikia,*
*Hata ukikakamaa, chini utaangukia.*

Gichovi alikuwa akisimama ameukazia mdomo wangu macho, akitikisa kichwa hadi neno la mwisho. Nilijiambia, huyu ndiye anayejua mashairi katika nchi hii.

Basi ule mlio haukuniacha. Niliamka nao. Nilikunywa chai nao. Kanisani kwaya iliimba, mimi nikasikia pawa.

Nikaanza kujitibu. Pamba kwanza. Bure kabisa, ni kama kuziba mlango kwa pazia.

Halafu nikapata akili ya kwetu. Huku ukitafuna miraa lazima kuwe na chingamu mdomoni. Nikaitoa, nikaiviringa, nikaisukuma sikioni ikiwa ya moto. Ilishika vizuri ajabu!

Ilishika hadi zahanati. Muuguzi Karambu aliitoa kwa koleo ndogo, mimi nikiuma kola ya shati.

"Wewe ni mtu mzima?" aliniuliza.

"Nilikuwa nakinga masikio, sista."

"Kwa takataka ya mdomo? Sikiza. Huo mlio ni sikio limeumia ndani. Kilichokufa humo hakifufuki. Linda kilichobaki."

"Hakuna dawa?"

"Ingekuwepo, ningekuwa nimekupatia."



Nikajaribu vizibo vya sponji. Unaviminya, unaviingiza, vinajaa. Lakini mikono ya pawa ina mafuta na unga wa mbao, na kila nikivitoa nikivirudisha, uchafu unaingia navyo. Masikio yakawasha, yakatoa maji. Nikanunua vile vikubwa vya kufunika sikio, vya mitumba. Vilinibana panja kama koleo. Nikivaa kidogo, navua. Nikivua, pawa inalia.

Ndipo nikaenda Meru mjini, duka la Khadra, mama anayeuza vifaa vya mafundi.

"Ndugu yangu, usinunue kwa macho," alisema. "Helmeti yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Kailete. Unataka kunioa bila kuniona?"

Watu dukani wakacheka. Nikarudi kesho yake na helmeti.

Akanivalisha moja baada ya nyingine. Inama. Geuka. Tafuna kama una miraa. "Mto wake uzunguke sikio lote, usilikanyage. Usiache nafasi hapa nyuma. Na ukae navyo hapa hapa dukani nikihudumia wengine. Vikikuchosha hapa, kule kazini utavivua, na ukivivua hata kidogo umejidanganya."

Nikakaa. Vile vya mwisho nilisahau kama nimevaa. Vyepesi, mto laini, vinashikana na helmeti.

"Hivyo ndivyo vyako," akasema. "Lakini si pawa tu hutaisikia. Hata hatari hutaisikia vizuri. Una mtu?"

"Nina mtu wangu," nikajibu kwa maringo. "Yeye atanisikilizia."

Kazi iliyofuata ilikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, miti ya mukima pembeni ya kahawa. Nikamwonyesha Gichovi vifuniko vyangu.

"Buda, umekuwa rubani?" akanichokoza.

"Sikiza. Sasa wewe ndiwe masikio yetu sisi wawili. Mti ukilia, achilia kamba ukimbie. Nikiona kamba imelegea, na mimi nakimbia. Sawa?"

Alinitazama mdomo hadi mwisho. Kitu kikapita usoni mwake, kikaenda.

"Sawa, Mukiri."

Nikawasha. Jamani! Kwa mara ya kwanza pawa ilikuwa mbali, kama iko shamba la jirani. Nikatunga beti nikikata. Niliona maisha yangu yanarudi.

Miti ya kwanza ilikwenda vizuri, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mara nikiinua kichwa kuutazama ukienda.

Wa mwisho ulikuwa umeliwa ndani na mchwa. Kwa nje hungejua. Nilikuwa bado nakata, nimeinamisha kichwa, nimetulia kama mtu anayeandika, nikaona shina linafunguka.

Nikaitazama kamba.

Kamba ilikuwa imekaza.

Gichovi alikuwa anavuta bado, macho yake kwangu. Hakuutazama mti. Alinitazama mimi. Nikapiga kelele, nikapunga mkono. Alishtuka, akageuka. Mti ukafika.

Hospitali alifika akiwa hai. Jioni hakuiona.

Tulimzika Gachoka. Watu walipopungua, mkewe Ciakuthii akaja nilipokuwa nimesimama.

"Shemeji, alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba hasikii."

Nikamwambia haiwezekani. Tumeongea kila siku. Tumetaniana. Amesikiliza mashairi yangu yote.

"Alikuwa anasoma mdomo. Mtoto wetu huyu mdogo, sauti yake hajawahi kuisikia. Kelele za pawa zilimmaliza kabla hamjajuana."

"Na miti? Alikuwa anakimbiaje?"

"Alikuwa anatazama uso wako. Aliniambia, 'Yule kijana ana masikio ya swara. Akiinua kichwa tu, mimi naondoka.'"



Kumbe miaka yote hiyo masikio yetu yalikuwa mawili tu, na yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeyafunika.

"Kwa nini alisema sawa?"

"Ungemwacha, shemeji. Nani anamwandika kazi kiziwi kuvuta kamba?"

Nikarudi Nkubu.

Bado nakata miti. Sijui kazi nyingine. Vifuniko nimevaa, na masikio yaliyobaki yamebaki. Mashairi hayaji. Nikijaribu kughani namwona mtu anatikisa kichwa kwa kitu asichokisikia, nanyamaza.

Nikatangaza natafuta mvuta kamba. Alikuja Misheck, ameshafanya kazi na pawa nyingi. Akanipa mgongo akikunja kamba. Nikamwita jina, mara ya pili kwa sauti.

Hakugeuka.

Nikamgusa bega. Akanitazama mdomo, akatabasamu. "Naam, bosi?"

Akaja mwingine kutoka Kiambere. Naye nikamwita kwa nyuma. Naye hivyo hivyo.

Wewe unayefanya kazi ya kelele, nunua kifuniko ukiwa umekivaa, kikae mpaka ukisahau. Mnunulie na mwenzako, kabla hajawa kama Gichovi. Na kabla ya kufunika masikio yako, simama nyuma ya huyo mwenzako umwite jina lake. Asipogeuka, usiwashe mashine.