Filimbi Iliyomwangusha Baba

Landi ya Nakuru ilinuka mafuta ya garimoshi. Harufu hiyo ilikaa kwenye mapazia, kwenye sare zetu za shule, hata kwenye uji wa asubuhi, na kiangazi kilipokaza, upepo wa ziwani uliichanganya na vumbi jeupe la magadi lililotuwasha macho. Landi ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi wa reli: safu ndefu za vyumba vya mawe, mlango ukitazamana na mlango, mfereji mmoja wa maji ukihudumia safu nzima. Ukipiga chafya, jirani alikuambia afya kutoka chumbani mwake. Katika maisha ya namna hiyo familia haina siri, na ndiyo maana hata leo, nikiwa mwanamke mwenye mvi, nikisimulia yaliyotupata kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini, uso wangu bado hupata joto.

Baba yangu, Zakayo, alitoka Maragoli kwa Waluhya akiwa kijana, akaajiriwa kazi ya kuunganisha mabehewa. Alikuwa pande la mtu. Kanisani sauti yake nzito ilishikilia wimbo mzima, na mimi, Rasoa, kifungua mimba wake, nilitembea landi nzima nikiringa kwa kuwa binti yake. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Mutua, Mkamba aliyekaa na mkewe na watoto mlango wa pili kutoka kwetu. Kazini walikuwa wawili: mmoja akipunga bendera, mwingine akiingia kati ya mabehewa kufunga minyororo. Alasiri moja baba ndiye aliyekuwa na bendera. Aliona behewa limesimama, akapunga, Mutua akaingia. Behewa halikuwa limesimama. Breki yake haikushika.

Mutua alizikwa, na baba akalala. Mwanzoni watu walisema ni huzuni, itapita. Lakini kila filimbi ya garimoshi ilipolia, alishtuka kama aliyechomwa, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Na filimbi zililia mchana kutwa, kwa kuwa stesheni ilikuwa pua na mdomo na nyumba zetu. Hakuoga, hakula, hakuwatazama watoto wake. Mama alisimama mlangoni akawaambia wageni, “Ana homa.” Walipokuja wenzake wa kazi, “Ana homa.” Alipokuja mchungaji, ni homa ile ile. Alijua kwamba wakubwa wa reli wakisikia kuwa Zakayo amerukwa na akili atafutwa kazi, na akifutwa kazi tutatolewa chumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuishi landi.

Siri ilitoka yenyewe. Asubuhi moja baba aliamka, akachukua ndoo, akasema anakwenda mferejini kumsaidia mama. Tulifurahi mno. Nilimfuata nyuma nikiwa na sufuria yangu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakampisha kwa heshima. Ndoo ilikuwa imejaa nusu filimbi ilipolia. Baba aliiachilia, akajitupa kifudifudi katika matope ya mfereji, mikono masikioni, akalia kama mtoto mchanga. Kisha nikaona suruali yake ya kaki ikilowa, na hayakuwa maji ya mfereji.

Hakuna aliyecheka pale pale, na kimya hicho ndicho kilichoniua. Mama alikuja mbio, akamfunika kwa leso yake, akamwongoza nyumbani kama kipofu. “Ingieni ndani,” alituambia. “Hamjaona kitu.” Lakini tulikuwa tumeona, na landi nzima ilikuwa imeona. Kufikia jioni wavulana walikuwa wakipita chini ya dirisha letu wakipiga miluzi ya garimoshi kwa midomo yao, kisha wakijiangusha na kucheka. Shuleni nilikaa dawati la nyuma. Kanisani tuliacha kwenda. Nilimwonea baba yangu haya kiasi kwamba nilipompelekea chakula niliweka sahani sakafuni na kugeuza uso. Nilifundishwa kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Ya baba yalikuwa yametiririkia mferejini.

Kisha akaja Mama Nduku, mjane wa Mutua. Alikuja adhuhuri, saa ambayo foleni ya mfereji ni ndefu, akapita mbele ya macho yote hayo. Mama alipomwona aliingiwa na baridi, kwa sababu tangu mazishi hawakuwa wamezungumza ila salamu. Alidhani amekuja kudai damu ya mumewe.

“Ana homa,” mama alisema, akiziba mlango.

“Hana homa, Mama Rasoa,” mjane alijibu polepole. “Nisogezee kigoda.”

Aliketi karibu na kitanda, akaacha mlango wazi. Baba alikuwa ameelekea ukutani. Alisema kwa sauti ambayo sikuitambua, “Mimi ndiye niliyempungia. Nilidhani limesimama.”

“Najua. Walinieleza, na walinieleza habari ya breki pia. Sikuja kwa hayo.” Aliinamia kitanda. “Wewe ndiwe uliyekuwa naye mwisho. Hakuna mtu aliyeniambia siku ile alikuwa anasema nini.”

Baba aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu usoni tangu mazishi. Alisema Mutua alikuwa akimtania, kwamba Waluhya hawajui kupika isio, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe wa Wakamba, na kwamba Jumapili angemtuma mkewe aje amfundishe mama. Mama Nduku alicheka, mkono mdomoni, kisha kicheko kikageuka kilio. “Ndiye huyo,” alisema. “Mume wangu na tumbo lake.” Baba naye alilia, si kilio cha kujificha, bali cha msiba, kwa sauti ile nzito ya kanisani, mlango ukiwa wazi na wanawake wa mfereji wakisikia. Mimi niliinamisha kichwa kati ya magoti nikaomba ardhi ipasuke.

Siku zilizofuata mjane alirudi, akakaa naye, wakazungumza au wakanyamaza. Baba alianza kula. Alioga. Filimbi bado ilimtikisa, lakini sasa alisema, “Naogopa,” na mama akajibu, “Haya,” wakaendelea kumenya viazi. Neno hilo kutoka kinywani mwa baba lilinichoma kuliko miluzi ya wavulana.

Mwisho wa mwezi Mama Nduku alitakiwa kuhama, kwa kuwa chumba kilikuwa cha reli na si cha wajane. Alikuja kuaga, akasema mbele yetu sote, “Baba Rasoa, nani atanibebea sanduku mpaka stesheni?” Mama alitaka kumkataza. Baba alikuwa ameshasimama.

Nilitembea nyuma yao nikiwa nimemshika mkono Nduku, binti wa mjane. Baba alibeba sanduku begani, na kila aliyekuwa jukwaani alimtazama. Garimoshi lilikuwa tayari. Lilipopiga filimbi, alitua sanduku, akachuchumaa, akakumbatia nguzo, macho yamefumbwa. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, ili nisionekane kuwa wake. Mama Nduku hakurudi nyuma. Alisimama kando yake mbele ya umati, watoto wake wakimshika nguo, karani akimhimiza apande. “Pumua,” alimwambia. “Liache lipige kelele. Nipo.” Na baba akapumua, akainuka, akapandisha lile sanduku behewani kwa mikono yake mwenyewe.

Hakurudi kwenye mabehewa. Alimwendea mkubwa wake akamwambia ukweli, akapewa ufagio wa jukwaa, mshahara ukapungua. Alifagia mpaka akastaafu, na kuna siku, hata miaka mingi baadaye, alizokaa kitandani hadi saa sita kabla ya kuweza kuvaa viatu. Siku hizo alituambia waziwazi. Nilichelewa sana kuelewa kwamba huo ndio uliokuwa uzima wake, na kwamba katika nyumba ile mgonjwa wa aibu nilikuwa mimi.

Leo redio hunena habari za afya ya akili, na hospitalini mjini kuna watu waliosomea kusikiliza. Mwaka uliopita tulikusanyika nyumbani kwangu Kiamunyi, na mwana wa ndugu yangu, dereva wa lori, akasema mezani kwamba tangu ajali aliyoishuhudia karibu na Salgaa, mikono yake inakataa usukani. “Jikaze, wewe ni mwanaume,” mmoja alisema. Wengine walitazama sahani zao. Nami, pamoja na yote ninayoyajua, nilihisi joto lile likinipanda shingoni, nikatazama sahani yangu.

Binti mdogo wa huyo dereva ndiye aliyeacha kula. “Baba,” alimwuliza, “unaogopa nini?”

Akamwinua, akamweka magotini, akaanza kumweleza. Swali hilo mimi sikuwahi kumwuliza baba yangu.