Flashi Iliyowaka Bila Mimi Kubonyeza

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, maana mtu ninayemzungumzia anafuata ukurasa huu na huwa ananisomea visa vyenu tukipika.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Tunaishi mtaa wa Fedha, Nairobi, na mume wangu, watoto wetu, na dada yake mdogo ambaye hapa nitamwita Sumeya, ingawa si jina lake. Kazi yangu ni kupiga picha kwenye sherehe za harusi za wanawake. Kwetu sisi Waislamu, siku hiyo wanawake wana ukumbi wao. Wanavua buibui, wanafungua nywele, wanacheza kwa raha zao bila kuogopa jicho la mtu. Simu zote huachwa mlangoni. Kamera ni yangu peke yangu, na picha namkabidhi bi harusi mkononi. Watu wakiacha kuniamini, sina kazi tena.

Sumeya hunisaidia na taa. Tunatumia flashi mbili zinazokaa mbali na kamera, kila moja juu ya stendi yake, na mbele yake mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga usimchome bi harusi usoni. Juu ya kamera ninaweka rimoti ndogo. Nikibonyeza, flashi zote zinawaka kwa pamoja. Sumeya ndiye hukunjua stendi, hukaza miavuli, na kusimama pembeni ili watoto wasiziangushe. Mara nyingi nimemwambia aje nimfundishe kamera. Hucheka tu na kusema mambo ya mashine hayamwingii kichwani.

Sasa, kuna harusi moja tulifanya Eastleigh. Bi harusi alikuwa amefungua nywele, anacheza na mama yake, nami nilikuwa nimekaa chini nabadilisha lenzi, kamera iko mapajani. Flashi zikawaka zote mbili. Sikuwa nimegusa kitu. Nilidhani rimoti imeingiwa na vumbi. Baadaye nikiwa nakunywa chai, zikawaka tena. Nilimuuliza Sumeya kama ameziona, akasema vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, nisijisumbue.

Siku chache baada ya hapo mama wa bi harusi akanipigia. Picha ya binti yake, kichwa wazi na mabega wazi, ilikuwa inazunguka kwenye simu za ukoo wa mume. Bwana harusi alikuwa amemrudisha msichana kwa mama yake, mtaa wa Lucky Summer, mpaka ajue picha imetoka wapi. Mama hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniambia, "Simu zilikuwa mlangoni. Kamera ilikuwa yako. Niambie wewe, mwanangu, nimuulize nani?"

Nilimwomba anitumie hiyo picha. Jamani, mwanga ulikuwa wangu, hilo siwezi kulikana. Lakini picha haikuwa yangu. Mimi kila nilipopiga nilikuwa mbele ya bi harusi, na hii ilipigwa kutoka ubavuni, tena kwenye kona ya juu unaona ukingo wa mwavuli mweupe. Ni mahali anaposimama mtu anayelinda stendi.

Nikaenda kufungua begi ninaloweka kamera yangu ya zamani pamoja na rimoti ya akiba. Ile rimoti niliiweka bila betri, nakumbuka vizuri, kwa sababu betri zake nilizitia kwenye kichezeo cha mtoto. Nikakuta ina betri mpya. Nilipomweleza mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Usimtaje dada yangu kwa sababu ya betri." Tangu hapo anajibu ninapomuuliza tu.

Nikaamua kumpima. Flashi na rimoti husikizana zikiwa kwenye namba moja, ile tunayoita chaneli. Kabla ya harusi iliyofuata nilijifungia chumbani nikabadilisha namba ya flashi zote mbili na ya rimoti yangu. Ile ya akiba sikuigusa, ili mtu akiitumia juu ya kamera ya zamani flashi zisimwitikie. Sikumwambia mtu. Ukumbini kila kitu kilienda sawa, nikibonyeza zinawaka, na hazikuwaka zenyewe hata mara moja. Katikati ya sherehe Sumeya akanijia, mkoba ameubana kwapani, akaninong'oneza, "Wifi, leo umebadilisha chaneli?"

Nikamuuliza neno hilo amefundishwa na nani. Akasema amenisikia nikilitaja. Kisha akarudi kunyoosha mwavuli ambao haukuwa umepinda.

Tangu siku hiyo namtazama akiwabeba watoto wangu, akicheka nao, na sijui naishi na nani. Pengine alitaka kujifunza kwa siri kwa sababu anaona haya, na ile picha ikamponyoka ikafika isipotakiwa. Pengine alituma kwa kusudi. Siwezi kuapa kwa lolote.

Familia mbili, ya yule bi harusi na ya mume wake, zinakutana Jumamosi na mimi nimeitwa. Nikisema ninachoshuku, ndoa yangu inayumba, na Sumeya naye ameposwa, wakwe zake wakisikia wataghairi. Nikinyamaza, yule msichana wa watu anabaki kwa mama yake na aibu ambayo si yake, na jina langu linazikwa. Jana tulikuwa tunachambua mchicha, Sumeya akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Harusi yangu utanipiga picha wewe wifi. Mwingine simwamini." Niliinuka nikaenda kuosha mchicha.

Wenzangu mliowahi kuishi na shaka ndani ya nyumba yenu, nisaidieni mawazo. Jumamosi nikipewa nafasi ya kusema, niseme nini?