Faustino Aliyejifunza Kuelewa

Zamani Faustino, mgawa nyumba wa kambi yetu ya polisi hapa Kampala, alikuwa mtu wa matusi, na huo ndio ulikuwa wema wake pekee. Akitaka kumtoa mjane, alipiga ukuta kwa rungu na kuita, "Toka! Serikali si mjomba wako!" Nyumba zetu ni za bati, za mviringo, na mlango ni mfupi mpaka uiname, tunaziita mama ingia pole. Rungu likigonga bati, kambi nzima inasikia. Wanawake walitoka na sufuria, wakazipiga kwa miko na kumzomea mpaka akaondoka, na mjane akapata muda wa kujipanga.

Kisha wakubwa wakampeleka mafunzoni, hotelini kando ya ziwa. Akarudi na fulana yenye picha ya moyo na sauti mpya ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mbuzi aingie bandani. Alifundishwa kwamba kwanza umsikilize mtu, halafu umrudishie maneno yake mwenyewe, halafu umwambie unamwelewa. Sikujua kwamba mtu mzima hulala hotelini ili afundishwe kuitikia.

Kambi ikamsifu. "Afande sasa ana moyo," alisema Zuleika, muuza mkaa.

"Anao," nikasema. "Upo kwenye fulana."

Mume wangu, Ogwal, alikuwa polisi. Alipokufa tulimzika kwao Lira, nikarudi kambini na watoto. Kwetu, mjane hahami nyumba ya mumewe kabla ya matanga kumalizwa, na matanga humalizwa ulezi ukishavunwa. Ukitoka mapema, ndugu wa mume watasema umeshapata mwanamume, na shamba wanalichukua. Shamba hilo ndilo kitu pekee Ogwal alichoniachia. Faustino ni mtu wa Lira kama mimi. Haya yote anayajua.

Akaja, akaketi juu ya jerikeni langu la maji, akakunja mikono.

"Dada Akullo, niambie, moyoni ukoje?"

"Moyo wangu uache, afande. Sema kilichokuleta."

"Nasikia una hasira."

"Basi masikio yako mazima."

"Nakuelewa kabisa, dada. Hata mimi ningekuwa wewe, ningetaka kukaa mpaka matanga yaishe. Shamba ni shamba. Watoto ni watoto."

"Kwa hiyo nakaa?"

Akafumba macho kidogo, kama mtu anayesali. "Jumamosi polisi kijana mpya anahamia hapa."

Mtu anaelewa kila kitu, halafu anakufukuza vilevile. Faustino yule wa rungu angalau hakuwa anaelewa.

Jumamosi kijana akafika na godoro juu ya bodaboda. Nikashika sufuria, nikaipiga. Wanawake wakatoka, wakamkuta nani? Wakamkuta Faustino amechuchumaa mbele yangu, macho yamelowa, anasema kwa upole kwamba uchungu wangu ni uchungu wake.

"Akullo, mtu anakuongelesha vizuri hivi, wewe unampigia sufuria?" akasema Zuleika. "Mungu hapendi."

Miko ikashuka. Ukitukanwa, unapata watu. Ukibembelezwa, uko peke yako.

Hapo akatokea Adoch wa nyumba ya pili. Tulikuwa hatusalimiani tangu amwage maji machafu mlangoni pangu. Alikuwa anatafuna muwa, akatema makapi.

"Faustino, matanga ya Ogwal yamekwisha?"

"Dada Adoch, nasikia una wasiwasi juu ya jirani yako..."

"Wasiwasi gani? Huyu mwenye mdomo? Simpendi hata kidogo. Nimekuuliza, yamekwisha au bado?"

"Bado, lakini..."

"Na baba yako alipokufa, mama yako alitolewa nyumbani kabla ya matanga?"

Huko hotelini Faustino hakupewa jibu la swali hilo. Mwanamke mmoja akacheka, mwingine akapiga sufuria, wakafuata wote. Adoch akaingiza kigoda mlangoni kwangu, akakaa. Kwa mwili ule na mlango ule, hata kuku asingepita. Kijana akarudisha godoro lake kwenye bodaboda.

Nikakaa, sikuhama. Ulezi ulipovunwa tukamaliza matanga Lira, na ukoo ukatamka mbele ya watu kwamba shamba ni langu na watoto wangu. Adoch hajanisalimia mpaka leo, wala mimi sijamsalimia.

Faustino alikuja kwenye matanga. Akaomba nafasi, akahutubia juu ya kuwahurumia wajane mpaka wazee wakafuta kamasi. Mimi nilikuwa nagawa pombe ya ulezi. Kwetu inanyonywa kwa mrija kutoka chunguni huku ikiongezwa maji ya moto, mpaka ladha inaisha. Nikamchagulia chungu ambacho wazee walikuwa wamekinyonya tangu asubuhi, nikakijaza maji hadi ukingoni.

Akavuta mrija, akanitazama kwa upole wake. "Asante, dada. Naona umenijali."

"Kunywa, afande," nikamwambia. "Maji yapo mengi."