Mkungu Uliotengwa na Kichwa cha Habari

Mwanangu, kila ninapokuona umeinamia simu ukitafuta kichwa cha habari cha blogu yako, nakumbuka asubuhi moja msibani Ijumbi, kule Muleba. Naikumbuka kwa shukrani, ingawa asubuhi yenyewe nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa kijana wakati huo, naishi Hamugembe, na blogu kwetu Bukoba zilikuwa jambo jipya. Niliandika habari za wakulima. Wiki chache kabla ya msiba nilikuwa nimemtembelea Mama Kokugonza, mjane jirani wa mjomba wangu kule Ijumbi. Mnyauko, ule ugonjwa unaokausha migomba, ulikuwa umeingia kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Aling'oa migomba yote iliyougua, akaifukia. Kisha akanionyesha jambo ambalo majirani wengi walikuwa hawalifanyi: kila alipomaliza mgomba mmoja, alipitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, lisibebe ugonjwa. Migomba iliyobaki ilikuwa mizima, majani yamesimama. Niliandika yote hayo, kwa mpangilio na bila kuongeza chumvi.

Kosa nililifanya juu kabisa, kwenye kichwa. Niliandika: "Usipike ndizi za Ijumbi kabla hujasoma hapa." Nilijiona fundi. Watu walifungua blogu siku hiyo kuliko siku zote, nami nikalala usingizi mtamu.

Kisha mjomba akafariki, nikaenda kuzika. Unajua desturi yetu: jirani anakuja msibani na mkungu, wanawake wanaketi pamoja wanamenya, na kilichomenywa kinaingia chungu kimoja. Nikaona mikungu mingi imeshakatwa, ila mmoja, mkubwa na wa kupendeza, umeegemezwa peke yake kwenye ua. Nikamuuliza shangazi mmoja aliyekuwa akimenya kwa nini wameuacha.

"Huo wa Kokugonza," akasema bila kuinua macho. "Wewe si ndiye uliyeandika?"

"Niliandika kwamba ndizi zake ni nzima, shangazi."

"Sisi tulisomewa kichwa tu pale dukani, na kibanja ulichokuja kukitazama ni chake. Ulisema tusipike kabla hatujasoma. Basi hatujasoma, hatupiki."

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile cha kuziba mdomo na khanga. Mimi sikucheka. Mama Kokugonza alikuwa ameketi karibu na mkungu wake, mikono mitupu. Alikuwa amemenya ndizi kwenye kila msiba wa kijiji kile tangu alipoolewa, na siku ile hakuna aliyemsogezea kisu. Ndizi zikikosa mnunuzi wiki moja, mtu huvumilia. Lakini mkungu wako ukikataliwa msibani, umewekwa nje ya majirani zako.

Akaniita. "Deo, njoo ukae hapa. Nisomee hicho kitu chako."

Nikatoa simu, nikamsomea kile kichwa. Akasubiri.

"Mimi niko wapi hapo?"

"Uko chini, mama. Aya ya tatu."

"Aya ya tatu ni mbali, waitu, mwenzetu. Watu wameishia mlangoni." Akaongeza: "Siku ile ulipokuja, nilikuambia jambo gani hata nikalirudia?"

"Kuchoma panga."

"Sasa mbona hukuanza nalo? Mtu akipita hapa na pikipiki, hasimami, nina neno moja tu la kumrushia, nitamwambia hilo. Sitamwambia 'ole wako', halafu nimwache aende zake."

Hakupaza sauti, mwanangu. Angeweza kuniaibisha mbele ya ukoo mzima, na alikuwa na haki hiyo. Aliniita nikae.

Niliomba kisu. Nikakata chane ya kwanza nikaanza kumenya. Kwetu mwanamume hamenyi ndizi msibani, na mimi nilikuwa namenya vibaya, natoa ganda na nyama pamoja. Shangazi akavumilia mpaka akashindwa. "Huyu atatumalizia ndizi," akasema, akajisogeza, akaninyang'anya kisu na kumpa Mama Kokugonza. Mwanamke wa pili akasogea kumenya naye, kisha wa tatu. Mkungu ukaingia chunguni. Chakula kilipoiva, nilikula wa kwanza, huku wananitazama.

Nilirudi Hamugembe nikabadilisha kichwa: "Choma panga kabla ya kugusa mgomba wa pili: Mama Kokugonza wa Ijumbi aonyesha alivyookoa kibanja chake." Chini yake nikaomba radhi kwa kile cha kwanza. Kilifunguliwa na watu wachache zaidi. Lakini nilipopita tena Ijumbi, pale pale dukani, mzee mmoja ambaye hajawahi kushika simu ya intaneti aliniambia, "Siku hizi tunachoma mapanga, tumesomewa." Alikuwa amesomewa kichwa tu, na kichwa kilimtosha.

Kwa hiyo, mwanangu, andika habari kwanza, kisha jiulize ni neno gani ungemrushia mtu wa pikipiki. Hilo liweke juu. Mtaje mwenye habari, taja mahali, na msomaji aone mara moja atakachopata akifungua. Mvutie, sikukatazi, kichwa kilicholala hakisomwi. Ila mvutie kwa kitu ambacho kweli kipo ndani. Ukimaliza, soma kichwa peke yake, kana kwamba yaliyo chini yamefutwa, maana wengi hawatapata kingine. Kama kikiwa peke yake kinamdhulumu mtu, kifute, hata kama ni kizuri.

Mama Kokugonza bado yupo, amezeeka, na nikienda hunichokoza kama nimeshajua kumenya. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nawe akujalie wasomaji wanaoliamini neno lako la kwanza, na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukuita ukae karibu naye. Ubarikiwe, mwanangu, wewe na kazi ya mikono yako.