Bahari Iliyochambuliwa Tassia

Mpwa wangu Kawsar anaishi mtaa wa Tassia, mbali na pwani, orofa ya tano, ambako maji ya bomba hupanda yakitaka, na kazi yake ni kupima kina cha bahari. Hata mimi nilicheka. Kisha nikatangaza mtaa mzima wa Fedha kwamba akili hiyo ameirithi kwangu, mjomba wake, niliyeacha shule darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa la kunifundisha.

Setilaiti hupita juu ikimulika bahari kwa leza. Mwanga mwingi hurudi kutoka juu ya maji. Kidogo huzama, hugusa sakafu na kurudi. Kila chembe ya mwanga inayorudi ni nukta kwenye kompyuta. Watu huzitia alama nukta za sakafu, kompyuta hujifunza kwa alama hizo, halafu huchora yenyewe kwingine kote.

Kompyuta ya Kawsar iligoma. Kila bonde la baharini ililichora kwa kina kilekile, bapa kama chapati. Bosi alishasema: ramani isiposhuka mabondeni kufikia Ijumaa, kazi wanapewa wengine. Kawsar akalaumu mashine, akalaumu mawimbi, akanilaumu mimi kwa kupumua karibu. Nilipomshauri aizime aiwashe, alinitazama kama deni.

Alhamisi akafungua zile alama zenyewe. Kwenye kina kirefu nukta huwa chache, zimetawanyika, maana mwanga umechoka. Huko hapakuwa na alama hata moja. Akamwita Kavinya, jirani anayemsaidia kutia alama.

"Nukta za huku chini ulizipeleka wapi?"

"Nilizitoa. Zilikuwa zimetapakaa kama mawe kwenye ndengu. Kwetu ndengu hazipikwi na mawe."

"Kavinya, hayo mawe ndiyo sakafu ya bahari."

Wakazirudisha moja moja, Kavinya akinung'unika kwamba uchafu ni uchafu. Nikajitolea kusaidia, wakanituma sukari. Niliporudi, mashine ilikuwa imejifunza upya na mstari wa sakafu umetumbukia bondeni.

Ila penye mdomo wa mto maji ni tope, mwanga haukurudi, na ramani ikabaki na pengo. Nikamwambia aunganishe tu, bosi hatapiga mbizi kukagua.

"Mjomba, chombo kikigonga mwamba hapo kikapasuka, utaenda kuwaeleza mabaharia wewe?"

Akaituma na pengo lake. Ijumaa bosi akajibu: kazi ni yenu, endeleeni, kuna nukta nyingine nyingi zinakuja.

Kavinya akauliza kama na hizo zimetapakaa. Kawsar akafumba macho.