Kikapu cha Matobolwa Ambacho Hakikutumwa

Fomu ya kwanza ya oda kwenye tovuti yangu ilikuwa na maswali tisa, na mtu alitakiwa kuyamaliza yote kabla hajapata hata kilo moja ya matobolwa. Jina lako nani. Namba ya simu. Uko mji gani. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika. Halafu yanafuata: kwenu hasa ni wapi? Ukoo gani? Wewe ni mama nani, au baba nani? Wazee wanaendeleaje? Mteja mmoja wa Moshi alinipigia amekasirika kweli. "Dada, mimi nataka viazi. Ukoo wangu wa nini, unaniposa?" Nikamwambia kwetu humpi mtu chakula kabla hujamjulia hali. Alinunua, lakini ukoo aligoma kuuandika.

Wasukuma wenzangu waliandika mpaka kisanduku kikajaa. Mama mmoja aliyeko Tabora alinisimulia ugonjwa wa mkwewe tangu siku ulipoanza, dawa alizotumia na aliyezileta, na mwisho kabisa akaomba nusu kilo ya michembe. Nilimpelekea kilo nzima. Nilipenda kusoma majibu yale kuliko nilivyopenda kufunga mizigo.

Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa. Nauza vyote viwili kutoka chumba kimoja hapa Geita, pamoja na karanga, na dagaa ninaowafuata ziwani Nkome mwenyewe kwa sababu simwamini mtu kunichagulia dagaa. Tovuti alinitengenezea mwanamke mwenye steshenari mtaa wa pili. Anatoa nakala, anapiga picha za pasipoti, na akipata nafasi anatengeneza tovuti. Mimi namwita fundi, naye anapenda.

Kila aliyeniuliza kuhusu maswali yale nilimwambia ni adabu. Nilikuwa nasema nusu ya kweli. Nilikuwa namtafuta dada yangu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, na dada yangu kumi na tano. Ndiye aliyenilea, pale kwetu Mhunze. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe pana, na juu yake alianika viazi tangu asubuhi, mimi nikiwa na kazi ya kufukuza kuku. "Kata nyembamba," alikuwa ananiambia. "Kiazi kinene kinakudanganya. Nje kimekauka, ndani kinaota ukungu." Alinichapa pia, sitamsingizia utakatifu, mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini kipande cha kwanza kukauka alinipa mimi kila mwaka, na hata leo nikionja matobolwa mapya inabidi nitoke nje kidogo.

Baadaye alikwenda machimboni kupikia wachimbaji, akaishi na mwanaume ambaye baba alimkataa. Wazee wa ukoo walimfuata mara mbili wakamrudisha nyumbani kwa maneno na kwa nguvu. Mara ya tatu walikuta kibanda kitupu. Siku chache baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yangu: "Niko mzima. Msinitafute." Namba ile haikupatikana tena. Baba alizikwa bila yeye, na sijui kama alipata habari. Miaka kumi na moja sikusikia sauti yake.

Ndiyo maana nilipopata tovuti, picha ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya jiwe letu limejaa matobolwa. Nilijiambia, popote alipo atakula viazi, na akitafuta viazi vya kwetu ataniona. Na akiagiza, kwa maswali yangu nitamjua hata akibadili jina.

Mwaka jana fundi akanijia na habari za sheria. "Dada'angu, siku hizi taarifa za watu zina sheria yake. Unatakiwa uandike tangazo kwenye tovuti: unachukua nini, unakitumia kwa kazi gani, nani anakiona. Na hivi vidakuzi pia."

"Vidakuzi ndiyo nini?"

Akanieleza. Mtu akifungua tovuti, tovuti inaacha alama ndogo kwenye simu yake, ili akirudi itambulike kuwa ni yuleyule, na kikapu chake akikute alivyokiacha. Nikamwambia nimeelewa, ni kama ng'ombe anavyokatwa sikio ili hata akichanganyika malishoni ajulikane ni wa nani. Nikaliandika hivyohivyo kwenye tangazo. Haikupita wiki mteja mmoja akaandika: "Mimi si ng'ombe." Fundi alicheka mpaka akaegemea mashine ya nakala, tukalifuta.

Tulipokuwa tunapitia maswali tisa, akiyakata moja moja na mimi nikiyatetea moja moja, alinifungulia ukurasa wa nyuma ya tovuti ambao wateja hawauoni. Kulikuwa na orodha sikuwahi kuiona. Vikapu vilivyojazwa bila kutumwa. Mtu ameandika, ameghairi, ameondoka, lakini tovuti imeshika alichoandika.

"Hii tuizime," fundi alisema. "Mtu hajabonyeza tuma, sisi tumeshabeba maneno yake. Si haki."

Nilikuwa namsikia kwa mbali. Kikapu kimoja kilikuwa cha miezi saba. Mwenye kikapu alikuwa anarudi kila mwezi, simu ileile, alama ileile. Anaweka matobolwa kilo mbili, siku nyingine anaondoa moja, anafungua picha ya jiwe, anakaa hapo muda, anaondoka. Mara moja tu alianza kujaza fomu. Jina hakuandika. Kwenu: Mhunze. Ukoo: wetu. Kwenye swali la mama nani, aliandika jina la marehemu mama yetu.

Sisi tunawapa watoto majina ya bibi na babu zao. Kwa hiyo dada yangu alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa mama yetu amerudi. Kulikuwa na namba ya simu pia. Swali la wazee wanaendeleaje ndipo alipoishia. Nadhani hapo hakuwa na la kuandika.

Nililia mbele ya fundi bila aibu. Nilipomweleza, alinipa maji. Kisha akasema, "Usipige."

"Ni dada yangu!"

"Najua. Lakini angetaka upige, angetuma. Mwandikie kitu kwenye tovuti, aone mwenyewe. Weka na namba yako kubwa juu kabisa. Akiwa tayari atapiga yeye."

Alikuwa amesema la maana, na nilimchukia kwa kulisema. Siku hiyo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwenye tangazo, sentensi hii: ambacho hujatutumia, hatutakitumia. Niliiandika nikijiona mtu mwema sana. Tukazima ule mtego wa fomu uliokuwa unashika yasiyotumwa, akaniambia nifute orodha nikifika nyumbani. Niliifuta. Namba niliinakili kwanza nyuma ya risiti ya karanga.

Nilikaa nayo siku nne. Nilijiambia sheria imewekwa kwa ajili ya wageni, na ndugu si mgeni. Nilijiambia baba angetaka nipige, ingawa baba ndiye aliyewatuma wale wazee. Nilijiambia mengi. Subira yavuta heri, tunawafundisha watoto, lakini miaka kumi na moja nilikuwa nimevuta, na heri imekaa mbele yangu ikiwa na tarakimu kumi. Asubuhi ya siku ya tano nilipiga.

Ikaita mara mbili. Kwa nyuma nilisikia sufuria na mtoto anaongea.

"Mwangaluka," nikasalimia Kisukuma, kama tunavyosalimiana asubuhi kwetu.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

Aliniita mama, akaniuliza kama kuna amani. Ilikuwa sauti yake, imezidi uzito kidogo, lakini ni yake.

"Dada, ni mimi."

Sufuria ikanyamaza. Hata mtoto nadhani alinyamazishwa.

"Namba hii umeitoa wapi?"

Ningeweza kusema uongo. "Uliiandika kwenye kikapu. Kwenye fomu, kwenye tovuti yangu."

"Nilifuta," akasema. "Sikuituma." Akavuta pumzi, na aliposema tena hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Alikuwa na woga. "Sikuituma, mdogo wangu."

Simu ikakatika. Nilipiga tena, nikapiga tena, na kufikia mchana namba ikawa haipatikani. Haijapatikana tangu hapo.

Fundi sikumficha. Hakuninanga, alitikisa kichwa tu. Nikamuuliza kama ile alama bado ipo kwenye simu ya dada yangu, kama tunaweza kujua angalau akirudi. Akasema alama ile haionekani tena. Ama amefuta kila kitu kwenye simu, ama amebadili simu. "Akija leo," akasema, "tovuti itamhesabu mgeni mpya."

Sasa fomu ina maswali matatu: jina, simu, mzigo uende wapi. Wateja wanasema imekuwa rahisi. Kila asubuhi nafungua ule ukurasa wa nyuma na kuangalia idadi ya wageni wapya. Siku nyingine watatu, siku nyingine tisa. Tovuti haioneshi zaidi ya hapo, na mimi ndiye niliyeahidi isioneshe. Namba yangu nimeiweka kubwa juu kabisa, kama nilivyoshauriwa siku ile, ushauri uliopaswa kunitosha.

Miezi saba dada yangu alikuwa ananitembelea. Alikuja kwa hiari yake, akakaa atakavyo, akaondoka kwa amani, na mwezi uliofuata akarudi. Mimi nikaona haitoshi.