Mwenyekiti Aliyeenda Mombasa

Mzee Oyaro ni jirani yangu, Mkisii aliyekuja hapa Kapkatet kuchuma chai ya watu, akanunua shamba karibu na chemchemi na akakataa kabisa kurudi kwao. Ni mtu mzuri. Ubaya wake ni mmoja tu: akipewa cheo, anakifanyia kazi.

Wadi yetu ilipounda kamati ya mabadiliko ya tabianchi, tulimchagua awe mwenyekiti kwa sababu hasinzii mkutanoni. Kamati ikapelekwa Mombasa kujifunza jinsi jiji la pwani linavyojipanga. Wakaonyeshwa ukuta wa kuzuia bahari, mitaro ya mvua, halafu mikoko. Wakaambiwa miti ikiwa ukingoni mwa maji, watu wa nyuma yake hulala salama. Oyaro alirudi na hilo moja kichwani.

Basi, mkoko hauoti huku. Akatafuta mti unaoota haraka, akapata blugamu, yaani mkaratusi. Kwetu blugamu ndiyo kuni ya kiwanda cha chai, ndiyo nguzo ya nyaya za stima, ndiyo mbao za paa; mtu akisema mti, anamaanisha huo. Kamati nzima ikapiga makofi, wakaizungushia chemchemi miti hiyo.

Sasa mimi goti langu limekwisha. Chemchemi hiyo ndiyo maji pekee niliyoweza kuyafikia kwa miguu yangu. Nikamwambia, "Mzee Oyaro, hiyo miti inakunywa kuliko ng'ombe wa maziwa wa gredi."

"Mama Fancy," akasema kwa upole, "kwani wewe ulienda Mombasa?"

Jameni! Nilitamani kumchapa na mkongojo.

Miti ilistawi, siwezi kudanganya. Wageni walikuja kuipiga picha. Mwaka wa nne chemchemi ikawa matope, halafu ikawa mahali pa kuku kuoga vumbi. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akatangaza kwamba kamati imeona maji yamepungua. Yamepungua! Kesho yake akaikata miti yote kwa mikono yake. Maji hayakurudi, na visiki vikaanza kuchipuka.

Nililia jikoni kwa hasira na kwa woga. Fancy wangu ameolewa Londiani. Nani angenichotea maji kule chini mtoni?

Jumatatu asubuhi nikasikia vicheko kwenye kibanda cha kupimia majani ya chai. Oyaro alikuwa akipanda kutoka mtoni, mtungi wa maji kichwani, kama mke mpya. Huku mwanaume habebi maji; akizidiwa sana, hutafuta punda.

"Mwenyekiti, siku hizi umeolewa wapi?" wakamwuliza.

"Kwa Mama Fancy," akajibu, akapita.

Nilikuwa nimemwekea matusi ya wiki nzima. Alipofika mlangoni shingo ilikuwa ikimtetemeka, na mtu huyo amenizidi umri. Matusi yakaniishia.

"Weka hapo," nikasema.

Huu ni mwaka wa pili. Hajawahi kuniomba msamaha, na mimi sijawahi kukosa maji.